Waraka wa Karatasi ya Njano

Nilimpigia taipu miaka sita,
chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, Moshi mjini,
mashine yenye herufi ya w iliyolegea:
kila neno "wajane" lilitoka limeinama
kama mtu anayepita mlango mfupi.

Bi Ndeanasia hakuwa na sauti kubwa.
Alikuwa na mafaili.
Mia na kumi na saba, niliyahesabu mwenyewe:
wanawake waliofukuzwa kihambani, matanga hayajaanuliwa,
mashemeji wamekwisha kupima migomba kwa hatua.
Alikwenda nao mahakamani kwa miguu, kutoka Kiborloni,
masika yakiwapiga,
na akishinda hakushangilia.
Aliuliza tu, "Mwingine nani?"

Kisha redio ikaanza kupiga bendi ya jeshi
kabla ya taarifa ya habari.
Mji ukabadilika mwendo; hata aliyetumwa chumvi
alikwenda kwa hatua za gwaride.
Vijana wakapanga foleni uwanjani,
mdogo wangu Aminieli wa tatu kutoka mbele,
na shati nililolishona kifungo asubuhi ile
kwa uzi mwekundu, maana mweupe ulikwisha.
Kanisa likachanga mablanketi. Ushirika, mahindi.
Tukaulizwa: nyinyi wa wajane, mchango wenu?

Akaniambia, "Weka stensili."

*Siwezi kuidai mahakama kihamba cha mjane mmoja,
jioni nikakipigia makofi
kiwanda kinachotengeneza wajane elfu.*

Vidole vyangu vikagoma.
Mama, nikasema, wao ndio waliovuka mpaka kwanza.
Wamechoma, wameua. Tuwapikie?
Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, taratibu mno.
"Hilo sina jibu lake lote.
Nyumba ikivamiwa, mtu hushika alichonacho.
Lakini sikiliza redio. Nani analia?
Wanaimba!
Anayetumbua jipu haimbi.
Na kijana ukishamfundisha
kwamba yuko mtu asiyehesabiwa kuwa mtu,
akirudi utamfutia wapi somo hilo?
Wale mashemeji, unadhani walizaliwa wakisema
huyu si wetu?"

Nikaandika. Herufi ya w ikainama.

Nakala mia mbili, karatasi ya njano, ndiyo iliyokuwapo.
Chini, jina lake peke yake.
Kona ya kushoto, mahali pa herufi za mpiga taipu,
niliacha peupe.
Hakuniuliza.

Wanakamati watano waliondoka chai haijapoa.
Mchungaji akasema haki ni haki, vita ni vita.
Mjumbe akaja na kofia mkononi:
"Mama, wewe shika lako la migomba."
Na Aikande, wa faili la tisa,
aliyerudishiwa shamba, choo na mti wa parachichi,
akautemea mate ule waraka mbele yetu,
kwa kuwa mwanawe alikuwa huko.
Bi Ndeanasia aliuokota.
Akaufuta, akauweka ndani ya faili la tisa.
Mwezi ule hakuja mtu mwingine,
nasi tulikaa tukisikia mkasi wa duka ukikata vitambaa vya kaki.

Aminieli alirudi juu ya lori lililopambwa masale.
Ngoma zikalia.
Alishuka, akatazama miguu ya watu.
Tangu hapo hulala mchana; usiku hulinda zamu ya maji,
peke yake na jembe, ukingoni mwa mfongo.

Mwaka wa nne ndipo aliponiomba ile karatasi.
Aliisoma amesimama, kibatari mkononi,
akarudi juu, akaisoma tena.
Akasema, "Kulikuwa na mmoja.
Shati jeupe. Kifungo cha pili
kimeshonwa uzi wa rangi nyingine."

Nilingoja.
Akaikunja karatasi mara nne, akanirudishia,
akachukua jembe,
akaenda kuyafunga maji
maana zamu ya jirani ilikuwa imefika.